Taa ya Wodi ya Nne

Fundi cherehani wa kitanda cha dirishani, wodi ya nne, alifariki Jumanne saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Jibu la damu yake lilikuwa limeingia kwenye kompyuta za hospitali tangu saa mbili na dakika tisa. Lilisema potasiamu imepanda mno. Hiyo ni chumvi ya damu, na ikizidi kiasi moyo husimama. Dawa ya kuishusha ilikuwemo kabatini, hatua kumi kutoka kitandani. Hakuna aliyeichukua, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba inatakiwa.

Kabla ya saa sita mchana sista aliyekuwa zamu alikuwa ameshanyang'anywa funguo za kabati na kuambiwa akangojee barua nyumbani. Huyu ni mwanamke aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili, mwenye mdomo ambao hata madaktari waliuogopa, lakini siku hiyo hakugombana na mtu. Alisema jambo moja tu, akalirudia kwa kila aliyemuuliza: taa haikuwaka. Alikitazama kioo cha kompyuta mara tatu asubuhi ile, na taa haikuwaka.

Ndipo mkurugenzi wa hospitali aliposhuka ngazi mwenyewe hadi ofisi ya waandishi wa programu, chumba cha nyuma ya stoo ya mashuka, ambako hakuwahi kufika ila siku ya kuzindua mfumo mpya, tena siku ile alikuja na mpiga picha. Aliyemkuta ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Hospitali nzima humwita Dada Mfumo. Kwao anaitwa Kitinda, kwa kuwa ni mtoto wa mwisho, na sisi tutamwita hivyo hivyo, maana habari hii ingawa inaanzia kwenye kompyuta, uzito wake uko nyumbani kwa mama yake. Mkurugenzi hakukaa. Alitaka kujua kitu kimoja: mfumo ulifanya nini kati ya saa mbili na saa nne.

Taa yenyewe si taa. Ni alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta ya kila wodi. Maabara wakipata jibu la hatari, alama inawaka kando ya jina la mgonjwa, na inaendelea kuwaka mpaka jibu lifunguliwe. Likifunguliwa, inazimika. Jambo rahisi, na kwa sababu ni rahisi hakuna aliyelifikiria mara mbili.

Mkurugenzi alimweleza Kitinda kauli ya sista, kwamba taa haikuwaka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka mitatu nyuma, katika wodi ya pili, na aliyekuwa kitandani siku ile ni baba yake.

Wakati huo mfumo ulikuwa ule wa zamani, na mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole aliyeuandika peke yake miaka kumi na miwili mfululizo. Walimwita Mzee Viraka, na jina lilimkaa. Kila wodi ilipotaka jambo lake, mzee alishona kiraka. Faili zake ziliitwa "mpya", "mpya2", "mpya kabisa", na moja iliitwa "usiguse", nayo kweli hakuna aliyethubutu kuigusa. Kitinda alikuwa chini yake, kijana aliyetoka chuoni na vyeti vyake, na kila asubuhi aliifungua programu ile kama mtu anayefungua choo cha stendi: anapumua kwanza nje, halafu anaingia.

Asubuhi ya siku ile, baba akiwa amelazwa kwa maradhi ya figo, Kitinda alikuwa mezani pake ghorofa ya kwanza. Roho haikutulia. Saa mbili na dakika ishirini aliingia kwenye mfumo akafungua jibu la baba yake. Akaona potasiamu, saba nukta moja, kwa maandishi mekundu. Yeye si daktari. Alijua tu kwamba nyekundu si nzuri, na akajiambia kwamba wenyewe wodini wameshaona. Akaendelea na kazi. Saa tano na nusu kaka yake akampigia simu.

Kikao cha uchunguzi kilipoitishwa, binti huyu mwenye msiba wa siku tisa alisimama mbele ya madaktari akauliza swali ambalo lilimnyima kila mtu jibu. Alisema, jibu la baba yangu mimi nililiona, na wodini hawakuliona. Ni mfumo gani huu unaomwonyesha asiyehusika, ukamficha anayehusika? Mzee Viraka alipopewa nafasi ya kujitetea, aliitazama mikono yake, halafu akasema programu ni yake na kosa ni lake. Baada ya miezi miwili alistaafu kabla ya wakati. Hakuagwa hata kwa soda.

Mama yake Kitinda hakuijua kompyuta ila kwa kuipangusa vumbi, lakini sasa alijua nani aliyemwua mumewe. Mke wa Mzee Viraka alikuwa rafiki yake wa zamani, wa kujuliana hali na kuazimana sufuria. Salamu zikakatika siku hiyo. Kitinda naye alimwahidi mama yake kwamba atauvunja mfumo ule mpaka msingi na kuujenga upya, na kwamba jambo lile halitatokea tena kwa mtoto wa mtu yeyote.

Akatimiza. Miaka miwili yeye na wenzake wawili waliandika kila kitu upya juu ya kiunzi kipya. Kiunzi, kwa wasiojua, ni mifupa iliyokwisha kuunganishwa ambayo waandishi wa programu huivalisha nyama yao wenyewe, na hiki kilikuwa kinasifiwa kila mahali. Kilikuwa chepesi, kikafunguka kwenye simu, rangi zake zikapendeza. Mfumo wa zamani ulichukua nusu dakika kufungua jina la mgonjwa. Mpya ulifungua kabla hujaondoa kidole. Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi, na Kitinda alilia chooni kwa dakika tano kwa ajili ya baba yake, halafu akanawa uso akarudi kupigwa picha.

Katikati ya kazi ile walikutana na kitu. Ndani ya faili iliyoitwa "usiguse", pale penye amri ya kuzima taa, mzee alikuwa ameandika maneno ya kujikumbusha: "Hapa hawakukubaliana nani ajibu. Nimeweka yeyote. Turudi." Kitinda aliwasomea wenzake kwa sauti, wakacheka sana. Mmoja akasema kumbe mzee alijua anaharibu. Hata hivyo Kitinda aliandika barua kwa kamati kuuliza taa izimwe na nani, na kamati, baada ya wiki tatu, ikamjibu kwa maneno mawili: kama ilivyokuwa. Tarehe ya uzinduzi ilikuwa imekaribia. Akaiandika kama ilivyokuwa, kwa usafi mkubwa na mistari iliyonyooka. Nyumba mpya, kunguni wale wale, na waliwabeba wenyewe ndani ya magodoro.

Sasa turudi Jumanne ile. Mkurugenzi alipopanda zake juu, Kitinda alifunga mlango akafungua daftari la mfumo, lile linaloandika lenyewe kila anayegusa kitu na saa aliyogusa. Alitarajia kukuta hitilafu. Aliiomba hitilafu, tuseme kweli. Angeipenda kama ndugu. Hakuikuta. Jibu la fundi cherehani liliingia saa mbili na dakika tisa na taa ikawaka, kama ilivyotakiwa. Saa mbili na dakika kumi na nne jibu likafunguliwa na taa ikazimika, kama ilivyotakiwa. Aliyefungua ni karani wa mapokezi. Sista alikuwa ameondoka mezani dakika sita tu kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha tatu, na taa iliishi dakika tano.

Akampigia karani simu, akaja. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, macho yamevimba. Alieleza bila kuulizwa mara mbili kwamba fundi cherehani ni mjomba wake, ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Asubuhi alitaka tu kujua mjomba anaendeleaje. Akafungua jibu lake, akaliona jekundu, akashtuka.

"Halafu?" Kitinda akamuuliza.

"Halafu nikajua wenyewe wodini wameshaona, dada."

Msichana hakuelewa kwa nini ameambiwa kwa haraka aende akapumzike, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Data ya mfumo wa zamani, daftari lake likiwemo, ilikuwa imehifadhiwa, kwa kuwa sheria inataka hivyo. Kitinda mwenyewe ndiye aliyeihamisha, faili kwa faili, na miaka miwili yote alipita juu ya ukurasa wa siku aliyokufa baba yake bila kuufungua. Mtu ataniuliza: mwenye akili kama yake, mbona hakutazama? Nami nasema hakuna mtu anayemtafuta mwizi chini ya kitanda chake. Alipata mkosaji mapema, mkosaji akakiri, akaona yatosha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua halijawahi kujitetea.

Aliufungua sasa. Jibu la baba yake liliingia saa mbili na dakika kumi na nane, taa ikawaka. Saa mbili na dakika ishirini jibu likafunguliwa, taa ikazimika. Mbele ya saa hiyo palikuwa na jina lake, kamili, la kwanza na la ukoo.

Alikaa. Akalisoma tena na tena kama mtu anayehakikisha jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Ile hoja aliyoitupa kikaoni ikanyamazisha madaktari, kwamba yeye aliliona na wodi haikuliona, ilikuwa kweli tupu. Wodi haikuliona kwa sababu yeye aliliona. Dakika mbili. Taa ya baba yake iliwaka dakika mbili, na mkono ulioizima ni ule alioushika baba akivuka naye barabara alipokuwa mdogo.

Jumatano asubuhi mkurugenzi alimwita. Hakuwa mtu mbaya, mkurugenzi yule, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa ameshasoma daftari la mfumo la Jumanne, na ameshatafuta njia ya kutomuumiza mtu. Alipendekeza iandikwe kwamba kiunzi kilichotumika kina kasoro ya kiufundi. Sista atarudishwa kazini bila doa. Karani wa mapokezi hatatajwa, maana naye ni mfiwa. Kuna watu wamemletea kiunzi kingine kipya zaidi, chenye uwezo wa ajabu, na bodi iko tayari kukubali mfumo uandikwe upya. Kilichobaki ni saini ya Dada Mfumo kwenye taarifa, Ijumaa, mbele ya kamati. Alimwambia kwa upole kwamba marehemu harudi, na walio hai wana haki ya kulala usingizi.

Kitinda aliichukua ile karatasi. Aliikunja bila kuisaini. Mchana hakurudi ofisini. Alienda kwa Mzee Viraka.

Mke wa mzee ndiye aliyefungua. Alimtazama juu mpaka chini, akasogea kumpisha bila kumkaribisha. Mzee alikuwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, miwani imefungwa uzi upande mmoja, anatengeneza feni ya jirani. Hakustaajabu kumwona. Alimwonyesha kiti, akaweka bisibisi chini, akangoja. Kitinda alimweleza habari ya fundi cherehani na karani. Alipofika kwenye ukurasa wa baba yake, mzee akamtangulia.

"Niliuona siku ile ile," alisema. "Kabla ya kikao."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umemzika baba yako juzi tu. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Nikuambie nini, mwanangu? Kwamba mkono wako ndio uliozima taa?" Alivua miwani. "Nilikuhurumia. Nikasema mimi ni mzee, nitabeba."

Kitinda alilia, na mzee akamwacha alie, hakumbembeleza. Baadaye akamsimulia jinsi lile neno "yeyote" lilivyoingia. Zamani sana vilifanyika vikao vitatu kuhusu nani ajibu taa ikiwaka. Madaktari walisema wauguzi, kwa kuwa wako wodini muda wote. Wauguzi walisema madaktari, kwa kuwa ndio wanaoandika dawa. Maabara walisema wao wakishatuma wamemaliza. Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe. Kikao cha nne kiliahirishwa, na mfumo ulitakiwa uanze Jumatatu. Mzee akaweka yeyote, kwa wiki moja tu, mpaka watakapokubaliana.

"Kiunzi chako nimekiona," akaongeza. "Ni kizuri. Sikudanganyi, ningekuwa kijana ningekipenda. Lakini mchagua jembe si mkulima. Lile shimo halikuwa kwenye programu yangu, wala haliko kwenye yako. Liko pale watu wanapotupiana kazi."

Halafu alisema jambo ambalo Kitinda hakulitarajia. Alisema usiku wa jana hakulala tangu aliposikia habari za fundi cherehani. Angefungua mdomo miaka mitatu iliyopita, kamati ingelazimika kujibu lile swali, na mtu yule angekuwa anashona nguo za watu mpaka leo. "Nilikuhurumia wewe," alisema, "nikamwua yeye. Huruma ile ilikuwa kiraka tu, na nilikishona vibaya kuliko vyote." Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia akamwekea mkono begani. Mzee alimwomba Kitinda asirudie kosa lake. Hakuna kingine alichomwomba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii watoto huandika shuleni mara hamsini wakikosea hesabu, na Kitinda aliwahi kuiandika, lakini ni Alhamisi, kesho yake, ndipo alipoujua uzito wake. Maana kusema kweli kuhusu yeye mwenyewe kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa msichana wa mapokezi, ambaye hadi saa hiyo alikuwa anamlilia mjomba wake kwa kilio cha kawaida, kilio cha mtu asiye na hatia.

Alimkuta nyumbani kwa mjomba wake, kwenye chumba cha mbele, mashine ya kushonea imefunikwa kitambaa. Aliwaomba waombolezaji waliokuwepo wawaache kidogo. Alikuwa amekuja na karatasi mbili.

"Kabla sijakuonyesha lako," alimwambia, "tazama langu kwanza."

Akamwonyesha jina lake, na saa, na taa. Akamweleza ni nani aliyekuwa kitandani. Msichana alisoma polepole, akamtazama usoni, na kabla hajapewa karatasi ya pili alikuwa ameshaelewa. Sitayasimulia yaliyofuata. Yatosha kusema kwamba Kitinda alikaa naye sakafuni mpaka jua likaondoka kwenye dirisha, na hakumwambia hata mara moja kwamba si kosa lake, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alimwambia tu kwamba yuko naye, na kwamba kesho atataja jina moja tu mbele ya kamati, nalo ni lake yeye Kitinda.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya magurudumu. Wauza kiunzi walikuwa wameshafungua kompyuta yao, picha zinang'aa ukutani. Sista wa wodi ya nne aliitwa ajieleze, amevaa gauni la nyumbani badala ya sare, na bila sare alionekana mdogo. Mkurugenzi akaomba taarifa isainiwe ili waendelee.

Kitinda alisimama akasema hataisaini. Alisema kiunzi hakina kasoro yoyote. Kilifanya kile kile walichokiagiza, kama cha zamani kilivyofanya kile kile walichokiagiza, na wakikiandika cha tatu nacho kitatii vile vile. Halafu akasimulia habari ya taa ya baba yake, kwa saa na dakika, na akataja aliyeizima. Kuhusu fundi cherehani alisema tu kwamba ilikuwa hivyo hivyo: aliyempenda alilifungua jibu lake kabla ya aliyetakiwa kulifungua.

Mmoja wa madaktari, ambaye alikuwepo kwenye kikao cha miaka mitatu nyuma, alizima picha za ukutani bila kuambiwa.

Basi Kitinda akawauliza lile swali la Mzee Viraka: taa ikiwaka, nani ajibu? Na hapo, mbele ya msiba uliokuwa bado mbichi, ugomvi wa miaka kumi na mitano ukafufuka mzima mzima. Madaktari wakasema wauguzi wako wodini. Wauguzi wakasema madaktari ndio waandikao dawa. Mkuu wa maabara akasema wao wakishatuma wamemaliza. Dakika ishirini zilipita hivyo, kwa heshima na kwa maneno laini, na kila mtu akiwa na sababu nzuri. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kusema jambo hili liahirishwe mpaka kikao kijacho.

"Andikeni jina langu," sista akasema.

Wakageuka. Ni yeye pekee ambaye swali lile hakuwa ameulizwa.

"Nikiwa zamu, ni mimi. Wengine wafungue wapendavyo, lakini taa isizimike mpaka mimi niizime, na nikiizima niandike nimemwita daktari gani na amesema nini. Saa ya kuondoka sitoki mlangoni mpaka anayenipokea ataje jina lake kwa mdomo wake. Mniachishe kazi au msiniachishe, hilo liandikeni."

Hakupaza sauti. Madaktari watu wazima walikuwa wanatazama meza. Halafu yule aliyezima picha akasema naye aandikwe: akiitwa na asifike kwa robo saa, jina lake lionekane kwenye kioo. Wa tatu, mkuu wa maabara, akafuata, shingo upande, lakini akafuata. Wauza kiunzi walikunja waya zao taratibu wakatoka.

Mchana huo huo Kitinda aliandika mabadiliko. Yalikuwa mistari kumi na mmoja. Wenzake wawili walisimama nyuma ya kiti chake wakisoma, na yule aliyewahi kumcheka mzee akauliza kama hii ingewezekana kwenye mfumo wa zamani. Kitinda alisema ndiyo. Ingewezekana siku yoyote, kwenye faili ile ile ya "usiguse", kwa nusu saa.

Kwa mama yake alifika saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa anakunja mashuka yaliyotoka kuanikwa, akampa ncha mbili ashike, kama kawaida yao. Walikunja la kwanza, wakakunja la pili. Kitinda alisema yote akiwa ameshika ncha za la tatu. Hakujitetea, na hakuanza na vikao wala viunzi. Alianza na saa mbili na dakika ishirini.

"Uliliona jibu la baba yako," mama akasema.

"Nililiona, mama."

"Ukaendelea na kazi."

"Nikaendelea na kazi."

Mama aliliachia shuka likaanguka upande wake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, na Kitinda aliona mama yake amezeeka, jambo ambalo pengine lilikuwa limetokea siku nyingi bila yeye kuliona. Alingoja kilio, au matusi, na chochote kati ya hivyo angekipokea. Hakikuja. Mama alikuwa anatazama ukuta kama anayehesabu.

"Yule mzee alijua?" akauliza mwishowe.

"Alijua siku ile ile. Alinionea huruma."

"Na mkewe?"

"Sijui alijua lini. Nadhani naye alijua."

"Miaka mitatu," mama akasema, "nikimwona navuka barabara. Siku moja alinisalimia mbele za watu, nikamgeuzia mgongo. Akanyamaza." Akasimama. "Niletee viatu."

Kitinda alisema jua linakaribia kuzama, waende kesho asubuhi wakiwa wametulia.

"Wewe ulingoja miaka mitatu kwa kuwa hukujua," mama akamjibu. "Mimi sasa najua. Niletee viatu."

Walienda kwa miguu. Mama alitangulia hatua mbili mbele, na Kitinda hakujua kama amesamehewa, wala hakuthubutu kuuliza. Mara moja tu, penye mtaro ulio wazi, mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamvusha, halafu akauachia. Walipofika kwa Mzee Viraka, mama alibisha hodi mwenyewe. Sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani ni nani.

"Ni mimi," mama akasema. "Nimekuja na mwanangu."